Babu Ni Mrefu, Halafu?

SWALI: Assalaam alaykum maalim. Mie nipo Wete, Pemba, nna mtoto wa kike darasa la tatu, juzi skuli wamepewa kazi waandike kuhusu mtu wanompenda, yeye akamchagua babu yake. Kaandika hivi: "Babu yangu ni mrefu. Babu yangu ni mzuri. Babu yangu ana ndevu. Nampenda babu yangu." Basi. Mwalimu kamrejeshea daftari, kaandika kwa kalamu nyekundu "ongeza maelezo", akaenda akaongeza "Babu yangu ni mrefu sana." Na huyu mtoto akikaa na wenziwe hamalizi maneno! Nimsaidieje bila ya kumwandikia mimi?

JIBU: Waalaykum salaam mama. Hapo kwenye "mrefu sana" nimecheka, maana kaambiwa aongeze na kaongeza, kosa lake nini? Sie walimu ndo tunaowaandikia ubaoni mrefu, mfupi, mpole, mkali, wananakili, halafu tunashangaa kila babu kuanzia Konde mpaka Mkoani ni mmoja.

Daftari lifunge kwanza. Kaa nae muulize babu anafanya nini, sio babu yukoje. Kofia anaivaaje, akikasirika anasema neno gani, akiitwa kula anakuja saa ile ile au mpaka aitwe mara tatu? Tuseme ni msimu wa karafuu na babu yupo nje anachambua, shada analisugua kwenye kiganja, karafuu zinadondokea jamvini, makonyo, vile vijiti vyake, anayatupa upande, na hata haangalii anachofanya kwa sababu yupo anazozana na redio. Sasa mwambie akwambie hayo kwa mdomo, weye sikiliza tu, usimkatize kumsahihisha, akimaliza mwambie haya, andika hivyo hivyo ulivyosema. Utapata kitu kama hiki: "Babu anachambua karafuu bila ya kuangalia. Redio ikisema asilolipenda anaijibu. Vidole vyake vinanuka karafuu hata akila wali." Sentensi tatu, "mzuri" haimo, na mie ambae sijawahi kumuona nshamjua. Kwa mtoto wa darasa la tatu zinatosha kabisa. Akiandika Kipemba kitupu mwache, herufi na nukta mtatengeneza baadae mkiwa mnasoma pamoja, ukianza na makosa ya herufi atarudi kwenye "babu ni mrefu" kwa kuwa hayo anajua kuyaandika sawa.

Siku nyengine fanyeni kama kitendawili. Anatega mtu wa mtaani bila ya kumtaja jina, na mrefu, mfupi, mweupe, mweusi ni marufuku, nyie mnabahatisha. Mkishindwa kumjua basi maelezo hayajatosha, na hapo ataongeza mwenyewe bila ya kalamu nyekundu.

Wahusika wa hadithi nao ni njia hiyo hiyo. Kila mtoto anaandika "Sungura ni mjanja" kwa kuwa kasikia hivyo toka mdogo. Muulize, Fisi kasimama mlangoni, Sungura anasema nini? Ayaandike hayo maneno ya Sungura, ujanja tutauona wenyewe.

SWALI: Mie ni mwalimu, Mkoani. Watoto wangu wakimueleza mtu wanataja kasoro tu, yule kiguu, yule meno nje, darasa zima linacheka na anaeelezwa yumo humo humo. Nifanyeje?

JIBU: Wanafunzi wenziwe usiwape kuwaeleza, angalau kwa mwanzo. Wape mtu mzima wanaemjua wote, muuza vitumbua au dereva wa gari ya abiria, au mtu wa kubuni mchoreni nyote ubaoni. Na anaetaja mguu muulize, huo mguu unamzuia kufanya nini, na anachokifanya vizuri kuliko wewe ni kipi? Kama hana jibu, sentensi inafutwa. Usimgombeze mbele za watu, mwambie tu akamtazame tena yule mtu, kesho aje na jengine.