Chora saizi halisi, skeli iache mpaka siku ya kuprinti

Mdogo wangu umeuliza ramani ya nyumba yako ya vyumba vitatu uanze kuichora kwenye kompyuta kwa 1:50 au 1:100. Usianze na yoyote hapo, chora 1:1, ukuta wa mita 14 uandike mita 14. Skeli ni mambo ya karatasi: siku ya kuprinti ndo unachagua, mita 14 kwa 1:50 inatoka sentimita 28, A3 inaibeba vizuri, kwa 1:100 inakuwa 14.

Mi nilijifunza kwa kuumia. Nyumba ya kwanza niliyochora, ipo Ngamiani hapa Tanga, nilishazoea karatasi nikagawanya kila kitu kwa 50, tofali la inchi 6 likawa milimita 3, sawa, siku ya tatu nimechoka nikaweka lipu milimita 12 kama ilivyo bila kugawanya, yaani lipu nene mara nne ya ukuta wenyewe! Sikuona mpaka fundi alipouliza mbona vyumba vimekuwa vidogo hivi, na nikarudia kazi ya wiki nzima. Ungekuwa unachora 1:1 hilo kosa halina pa kuingilia, unaandika kile unachopima na futi kamba basi.

Ukitaka kuprinti kimodeli cha 3D, pia chora 1:1 halafu kopi ndo uipunguze. Ila angalia, nondo ya dirisha ya milimita 12 kwa 1:100 inabaki 0.12 na nozeli nyingi (kile kitundu cha printa ya 3D kinachotoa plastiki) ni 0.4, haitoki, hapo lazima uinenepeshe kwenye kopi.

Kingine ambacho watu wengi hawakisemi ni koordineti za kiwanja. Mpima ardhi atakupa za UTM, yaani kila kona ina namba mbili za mita, ya mashariki na ya kaskazini, na hapa kwetu Tanga ile ya kaskazini ni kama milioni 9.4. Ukizimwaga hivyohivyo kwenye Blender, ile programu ya 3D, inashika tarakimu kama 7 tu, kwa namba kubwa namna hiyo inatofautisha mita na mita, sentimita zinapotea na kona za ukuta zinaruka ruka. Punguza namba ile ile kwenye pointi zote, moja kwa mashariki na moja kwa kaskazini, ili kona moja ya kiwanja iwe sifuri, na hizo ulizopunguza ziandike humo humo kwenye faili, utazihitaji siku ya kumrudishia mpima.