Barua kwa mwanangu: Yona, samaki na ile ramani ya dukani

Neema mwanangu,

Marahaba. Picha zimefika. Nilikuwa nazikuza kwenye simu, mama yako akaninyang'anya ili naye amwone huyo samaki. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, kitu ulichokiona kwenye duka la vitu vya kale hapo Antwerp, Ubelgiji, ni ramani au ni picha tu, maana Yona anatupwa baharini, jangwani watu wamepiga mahema, na kaskazini haiko juu. Pili, uninunulie uje nayo Krismasi?

Ni ramani. Ila aliyeichora hakuwa anamwelekeza msafiri njia. Mteja wake alikaa nyumbani na Biblia mezani, akitaka kuona Yafa pale Yona alipopandia meli, na Bahari ya Shamu pale watu walipovuka. Ndiyo maana Musa na Yona wamo kwenye karatasi moja bila kugombana. Na wachoraji wengine hawakuwahi kufika Nchi Takatifu kabisa. Christian van Adrichom, Mholanzi aliyetoa ramani ya Yerusalemu mwaka 1584, mji wenyewe hakuukanyaga; aliusoma kwenye Maandiko na kwenye habari za waliokwenda.

Suala la kaskazini lisikusumbue. Huko Madaba, Yordani, kuna ramani ya karne ya 6 iliyopangwa kwa vijiwe vya rangi kwenye sakafu ya kanisa, na juu yake ni mashariki. Mtafute samaki wa mto Yordani kwenye picha zake. Amegeuza kichwa, anapanda mto kwa nguvu zote, anaikimbia Bahari ya Chumvi. Fundi wa vijiwe alijua vizuri maji yale hayaweki samaki.

Sasa niruhusu nizungumze kama mtu wa chapa. Kwenye ubao au bamba la shaba unachonga kila kitu kinyume, herufi kwa herufi, ili karatasini kitoke sawasawa. Mwaka 1525 mchapaji Christoph Froschauer wa Zürich, Uswisi, alitoa Agano la Kale lenye ramani, na hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza kuwekwa ndani ya Biblia. Iliigwa kutoka kwa mchoraji Lucas Cranach, ikatoka kinyume: Bahari ya Kati imehamia mashariki mwa Kanaani! Ikapita kwa mchongaji, ikapita mashineni, ikapita kwa wafunga vitabu, ikauzwa hivyo hivyo. Nilicheka peke yangu niliposoma habari hiyo. Kiwandani kwetu lingekuwa jambo la kumwita msimamizi.

Ile iliyo kwenye kitabu cha Heinrich Bünting cha 1581, dunia nzima imekuwa majani matatu na Yerusalemu katikati, utaiona kila mahali, hata kwenye vikombe. Mimi hainivuti sana. Naye hakudhani dunia iko hivyo, maana kitabu hichohicho kina ramani za kawaida.

Inayonivuta ni ya Abraham bar Jacob, iliyochapwa Amsterdam mwaka 1695 ndani ya Hagada, kitabu ambacho Wayahudi husoma mezani usiku wa Pasaka. Safari ya wana wa Israeli imepita jangwani kituo kwa kituo, navyo vimetiwa namba. Baharini kuna meli zinazovuta mierezi ya Lebanoni kwa ajili ya hekalu la Sulemani, na Yona naye yumo majini. Halafu angalia chini: ng'ombe na mizinga ya nyuki. Nchi ijaayo maziwa na asali, amekuchorea maziwa na asali. Misri ni mwanamke aliyempanda mamba.

Umri wa hiyo ya kwenu siwezi kuuthibitisha kwa picha ya simu. Mwombe muuzaji aitoe kwenye fremu. Akikataa, muage. Akikubali, pitisha kidole pembeni: bamba la shaba likigandamizwa kwenye karatasi mbichi huacha ukingo uliobonyea kuizunguka picha yote. Inua karatasi dirishani. Ya zamani, iliyotengenezwa kwa matambara, huonyesha mistari iliyoachwa na nyaya za chekeche la kutengenezea karatasi. Kisha lenzi. Ukiona rangi imejengwa kwa vitone vidogo vidogo, hiyo ni ya mashine za juzijuzi, hata kama fremu imeliwa na mchwa. Mkunjo katikati na maandishi nyuma si kasoro. Vinaonyesha tu kwamba ukurasa ulitoka kwenye atlasi.

Na hapo ndipo sitaki uninunulie. Nyingi za namna hiyo zilikuwa vitabu kamili, mtu akavichana ili auze ukurasa mmoja mmoja, maana hivyo hulipa zaidi. Mtu aliyekula mshahara wa kufunga vitabu hawezi kulitundika hilo sebuleni akalifurahia.

Badala yake, Jumamosi nenda jumba la makumbusho la Plantin-Moretus, liko hapo hapo mjini kwako. Kuna mashine mbili za chapa zilizo za kale kuliko zote zilizobaki duniani, za mnamo 1600. Zamani jumba hilo lilikuwa karakana ya chapa, nayo ndiyo iliyochapa atlasi ya Abraham Ortelius kuanzia 1579, naye alikuwa mtu wa Antwerp. Huyo ndiye aliyechora safari ya Ibrahimu, imezungukwa na vipicha 22 vya maisha yake. Nipigie picha mashine hizo kwa karibu, hasa parafujo na mkono wa kuvutia. Mashine nzima haina haja, naijua.

Ukitaka kuniletea kitu, Maktaba ya Taifa ya Israeli huko Yerusalemu imeweka ramani zake za kale mtandaoni. Tafuta hiyo ya 1695, ichapishwe kwenye karatasi nzito isiyong'aa, upana usipungue sentimita 60, la sivyo mizinga ya nyuki haitaonekana. Usiikunje. Iviringishe kwenye bomba la plastiki, na ubebe mkononi ndani ya ndege.

Mama yako anakusalimu. Anasema fremu atatafuta yeye.

Baba yako