Kuja Ujerumani kwa ajili ya sanaa: jibu kwa ndugu zetu wa Mombasa

Maswali yanayonifikia hapa Ujerumani kutoka Kisauni, Likoni, Mtwapa na Mji wa Kale yanafanana. Mtu amemaliza kidato cha nne au chuo, pengine anafanya kazi hotelini au bandarini, na sasa amebaini kwamba anachokitaka hasa ni kuchora, kupiga picha, kubuni mitindo ya nguo, kuchonga au kusanifu michoro kwa kompyuta. Kisha anauliza: nije Ujerumani?

Jibu ni hili. Njoo iwapo kibali utakachopewa kinakuruhusu kuifanya kazi hiyo. Kama hakikuruhusu, sanaa yako itapata nafasi kubwa zaidi ukiwa Mombasa kuliko ukiwa Hamburg. Wanaoumia huku si wale wasio na kipaji. Ni wale waliopanda ndege kwa kibali cha kazi nyingine, wakitumaini kwamba sanaa itajipenyeza baadaye.

Kwanza, ndugu zangu, tenganisheni hamu ya sanaa na hamu ya kuondoka. Zinakuja pamoja na ni rahisi kuzichanganya. Namna ya kuzipima ni kufanya ile sehemu ya sanaa inayochosha. Chukua kazi tatu za kulipwa kutoka kwa watu ambao si jamaa zako wala marafiki. Kabla ya kuanza, muandikiane bei, siku ya kukabidhi na idadi ya marekebisho, mawili yanatosha. Pokea nusu ya pesa kama arubuni. Kazi ikiisha, gawanya malipo kwa saa zote ulizotumia, pamoja na zile za kujibu ujumbe wa mteja usiku na za kumngoja asiyetokea. Nasema wasiwe jamaa kwa sababu kazi ya shangazi huishia kwenye dua na sahani ya pilau, na sifa za nyumbani hazikuonyeshi kama mtu baki yuko tayari kutoa pesa yake. Ukimaliza kazi hizo tatu, ukaona hesabu yake ilivyo ndogo, na bado unataka ya nne, basi unayo hamu ya sanaa. Ikiwa ulichokuwa ukikiwaza muda wote ni uwanja wa ndege, hilo nalo ni jambo halali kabisa, lakini litafutie kazi inayopeleka watu haraka.

Sasa kibali. Kwenye kadi ya ukaazi ya Ujerumani, au karatasi inayoambatana nayo, huandikwa aina ya kazi unayoruhusiwa. Maneno ya kutafuta ni mawili. «Erwerbstätigkeit erlaubt» maana yake unaweza kuajiriwa na pia kujiajiri. «Selbständige Tätigkeit nicht gestattet» maana yake huruhusiwi kujiajiri, na wasanii wengi hapa ni watu waliojiajiri. Msidhani kazi ya mtandaoni haihesabiwi. Ukimchorea mteja wa Nairobi nembo ukiwa chumbani Bremen, naye akakulipa kwa M-Pesa, hiyo ni biashara iliyofanyika Ujerumani. Ukikamatwa nayo bila ruhusa, unahatarisha kibali chenyewe.

Anayekuja kama au pair, yaani kijana anayekaa na familia ya huku na kuisaidia watoto na kazi za nyumbani, ambaye lazima awe hajafika miaka 27 anapoomba, hupewa euro 280 za matumizi kwa mwezi, hufanya kazi za familia zisizozidi saa 30 kwa wiki, na kibali chake hakipiti mwaka mmoja. Hana ruhusa ya kujiajiri. Mwaka huo ni wa kujifunza lugha na kujaza madaftari ya michoro, si wa kuuza. Mwanafunzi wa chuo kikuu ana siku 140 kamili za kuajiriwa kwa mwaka, au nusu siku 280, na akitaka kujiajiri lazima aombe ruhusa ofisi ya wageni kabla ya kupokea kazi ya kwanza. Aliyekuja kwa ndoa ana nafasi pana kuliko wote: mke au mume anayejiunga na mwenzake huruhusiwa kuajiriwa na kujiajiri tangu siku anapopata kibali. Dada zetu wengi wa Pwani wako katika hali hii na hawajui. Wanakwenda kusafisha hoteli kwa kuwa ndiyo kazi waliyoonyeshwa na aliyetangulia, ilhali kadi yao inawaruhusu kufungua studio.

Kuna pia kibali cha msanii anayejiajiri, chini ya kifungu cha 21 cha sheria ya ukaazi. Kinadai barua za wateja walioko Ujerumani wanaoeleza kwamba wanakusudia kukupa kazi, hesabu ya mapato na matumizi, bima ya afya, na kwa aliyepita miaka 45, uthibitisho wa akiba ya uzeeni. Maombi mengi hukwama kwenye barua. Barua inayosema tu kwamba mwenye nayo ni kijana mwenye kipaji haisaidii kitu. Iseme kazi gani, mara ngapi, kwa malipo kiasi gani. Mtu aliye Mombasa bila mteja hata mmoja wa Ujerumani hana cha kupeleka ubalozini kwa njia hii.

Jambo ambalo mawakala hawalisemi, na linaniudhi kwa sababu limewapotezea vijana wetu miaka, ni kwamba Ausbildung si uuguzi peke yake. Mafunzo haya ya kazi yenye mkataba yapo pia kwa mpiga picha, mshonaji wa nguo za vipimo, seremala, msanifu wa machapisho na mitandao, na mchonga mbao. Yote hayo ni miaka mitatu. Sonara ni mitatu na nusu. Oberammergau, mji mdogo wa Bavaria, una chuo cha serikali cha wachonga mbao. Kijana aliyekulia karibu na karakana za Wakamba pale Changamwe, anayejua tayari kushika tezo na patasi, anaambiwa chaguo lake ni kutunza wazee tu. Si kweli. Wakala hutaja uuguzi kwa kuwa hospitali ndizo zenye upungufu mkubwa na ndizo zinazomlipa.

Lakini mizani ina upande wa pili. Uuguzi katika hospitali za umma hulipa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi mwaka wa kwanza, kabla ya makato. Kima cha chini cha Ausbildung kwa walioanza mwaka 2025 kilikuwa euro 682, na studio nyingi za picha na karakana za ushonaji ziko karibu na hapo. Kiasi hicho hakifikii kile cha kujikimu ambacho ubalozi unataka kuona, kwa hiyo pengo lazima lijazwe kwa akiba au kwa mtu anayekudhamini kisheria. Na mafunzo yanayofanyika chuoni pekee, bila mwajiri, kwa kawaida hayana mshahara kabisa. Unaruhusiwa kazi ya pembeni ya saa 20 kwa wiki. Kijerumani kinachohitajika kwa kawaida ni B1, yaani kiwango cha kati, na ukifika na hicho tu, mwaka wa kwanza darasani utakuwa mgumu.

Anayetaka chuo kikuu cha sanaa hupimwa zaidi kwa potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zake. Mara nyingi huombwa kazi 15 hadi 25, wakati mwingine pamoja na daftari la michoro, na baadaye mtihani wa siku moja au zaidi. Vijana wetu hupeleka picha za penseli za wachezaji mpira na wanasiasa, zilizonakiliwa kutoka kwenye simu kwa ustadi wa ajabu, kila unywele mahali pake. Zinakataliwa, nao wanashangaa. Wanaopima hawatafuti mkono unaonakili. Wanataka kuona jicho linalochagua. Nenda feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi, chora watu wanavyosimama na kusukumana. Chora milango ya Mji wa Kale ukiwa umekaa mbele yake. Mchoro mmoja ufanye mara sita kwa njia sita, upeleke yote sita, hata yaliyoharibika, kwa sababu wanataka kuona mawazo yako yalivyotembea. Soma tarehe za kila chuo peke yake, maana hazifanani, na mara nyingi potifolio hutakiwa miezi kadhaa kabla ya muhula wa Oktoba. Alama zako za KCSE pia zitapimwa, na wengi hupelekwa kwanza mwaka mmoja wa matayarisho. Baadhi ya vyuo vya sanaa hulegeza sharti hilo kwa mwenye kipaji cha pekee, lakini usijenge safari yako juu ya hilo.

Ada katika vyuo vya umma kwa kawaida ni ndogo au hakuna, isipokuwa hasa jimbo la Baden-Württemberg ambako mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Gharama kubwa ni akaunti maalumu inayofungwa: euro 11,904 huwekwa kabla ya viza, kisha unatoa 992 kila mwezi. Kwa euro moja shilingi 150, hiyo ni shilingi 1,785,600. Katika hizo 992, bima ya afya ya mwanafunzi huchukua karibu 145 na chumba katika mji mkubwa kama 550. Zinabaki kama 300 za chakula, simu, karatasi na rangi. Hakuna cha kutuma nyumbani. Waambieni wazee hivyo kabla ya harambee, kwa takwimu, ili mtu asije akaitwa mchoyo mwezi wa pili. Na kama ukoo umekuchangia ili usomee uuguzi, usiigeuze safari kimyakimya ukishafika. Kaa nao kabla hujaondoka, uwaonyeshe malipo ya zile kazi tatu. Mzee anayesema sanaa si kazi mara nyingi hajawahi kuonyeshwa hesabu yake.

Faida ya chuo ni hii: ukihitimu unapewa miezi 18 ya kutafuta kazi, na katika miezi hiyo unaruhusiwa kazi yoyote, hata kujiajiri. Kwa asiye na ndoa huku, nadhani hiyo ndiyo njia iliyo salama zaidi ya kuingia kwenye sanaa.

Niseme kidogo juu ya hina, kwa kuwa akina dada wengi wameuliza. Soko lipo. Waturuki wana usiku wa hina kabla ya harusi, na familia za Kiafghani, Kisomali na Kihindi hutafuta mkono mzuri. Ila piko nyeusi ya kwetu, ile inayochanganywa na rangi ya nywele, achaneni nayo kabisa. Ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 inapotumika, na si kwenye ngozi. Huchoma, huacha kovu, na aliyeshaathirika nayo anaweza kuugua kila anapopaka rangi ya nywele maisha yake yote. Bibi harusi akivimba mkono, mwenye kuulizwa ni wewe. Tumia hina ya asili ya majani, ya kahawia, na umweleze mteja mapema kwamba rangi hukolea baada ya siku moja au mbili. Ukiuza koni ulizochanganya mwenyewe, sheria ya vipodozi namba 1223/2009 inakuhesabu mtengenezaji na inadai ripoti ya usalama na usajili wa bidhaa. Anza na huduma ya kuchora, bidhaa zingoje. Chukua na bima ya dhima, ile inayolipa ukimdhuru mteja.

Wapiga picha nao wajue kwamba kuichapisha sura ya mtu bila idhini yake kumewekewa sheria hapa tangu mwaka 1907. Idhini ya harusi iwe kwa maandishi, na itaje kama unaweza kuitumia picha kwenye matangazo yako.

Ukisharuhusiwa kujiajiri, unajiandikisha ofisi ya kodi kwa fomu ya mtandaoni na kupewa namba inayoandikwa kwenye kila ankara. Mwaka 2025 mapato ya hadi euro 12,096 hayakutozwa kodi ya mapato. Kinachowaangusha wengi ni bima ya afya: aliyejiajiri hulipa zaidi ya euro 200 kila mwezi hata asipopata kazi. Kwa hiyo omba mapema kuingia mfuko wa hifadhi ya wasanii, Künstlersozialkasse, unaofanya kazi tangu 1983. Humo msanii hulipa takriban nusu ya michango ya afya na uzeeni, nusu nyingine hutoka kwa kampuni zinazonunua sanaa na kwa serikali. Unatakiwa upate angalau euro 3,900 kwa mwaka kutokana na sanaa, ila anayeanza husamehewa sharti hilo miaka mitatu ya kwanza. Peleka mikataba na ankara, si picha za kazi zako peke yake. Wanaotengeneza vitu vya ufundi kwa wingi kwa kawaida hukataliwa.

Na anayebaki Mombasa anaweza kuanza na wateja wa huku leo. Saa zetu zinatofautiana kwa moja tu wakati wa kiangazi cha Ulaya na mbili wakati wa baridi, hivyo mteja hujibiwa siku ileile. Pesa za PayPal zimeweza kutolewa kwa M-Pesa tangu 2018. Faili za kuchapishwa ziwe CMYK, yaani mfumo wa rangi za uchapishaji, nukta 300 kwa inchi, na milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa. Faili zikikosa hayo mchapishaji huzirudisha, na mteja hakuiti tena. Kituo cha vijana cha Swahilipot karibu na Fort Jesus na Alliance Française ni mahali pa kukutana na watu walio kwenye kazi hizi. Wateja wawili watatu wa namna hiyo ndio baadaye wataandika zile barua ambazo ubalozi unazitaka.

Anayetaka jibu la hali yake mwenyewe ataje umri, alama ya KCSE, kiwango cha Kijerumani alichofanyia mtihani, aina ya sanaa, na kama ana mchumba au jamaa huku. Bila hayo matano siwezi kumwambia njia ipi imfae.