Kaseti za taarabu: zinaseni kwanza, kusafisha baadaye

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha utamaduni hapa Tanga, hatufanyi biashara. Kabatini tuna kaseti kama 300 za taarabu, nyingi za miaka ya 1980: mazoezi, maonyesho ya ukumbini, harusi, na chache tulizonunua dukani. Kijana wetu mmoja anazicheza kwenye redio kaseti, anarekodi kwa simu kuwa MP3, anaondoa kelele kwa programu ya akili unde, kisha anazipandisha YouTube. Video mbili tayari zimewekewa dai la hakimiliki. Tuendelee hivi?

Jibu: Ndugu Katibu, mpongezeni huyo kijana, kisha mwambieni asimame kwanza. Sauti nyingi inapotea kati ya redio na simu, na kisichonaswa hapo hakuna programu itakayokirudisha. Ikibidi kuchagua pa kuweka fedha yenu ndogo, iwekeni kwenye deki.

Tafuteni deki ya kaseti iliyo nzima, ile ya kuunganisha kwenye amplifaya, ipelekeni kwa fundi abadilishe mikanda ya mpira na kuangalia mwendo. Kutoka kwenye deki, waya uingie kwenye kadi ya sauti ya nje, yaani kifaa kidogo cha kuingizia sauti, halafu kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodini kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti kama MP3, biti 24. IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, inataka kasi ya kuchukua sampuli za sauti isipungue 48 kHz, na 96 kHz ni bora zaidi. Kwa 96 kHz, saa moja ya stereo hula kama GB 2, kwa hiyo kaseti zenu 300, zikiwa za dakika 60, ni kama GB 620. Diski ya terabaiti 1 inazibeba. Nunueni mbili, zikae nyumba mbili tofauti.

Kabla ya kucheza kaseti yoyote, vunjeni vile vikingio viwili vya plastiki mgongoni mwake, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Yenye unga mweupe wa kuvu, jambo la kawaida kwa joto na unyevu wa pwani, itengeni. Ikipita kwenye deki itaambukiza nyingine. Nyingine zote zizungusheni mpaka mwisho na kuzirudisha, ndipo mzicheze.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita. Kando ya kichwa cha kusomea mna skrubu ndogo inayorekebisha mlalo wa kichwa juu ya utepe. Kila kaseti ilirekodiwa na mashine yake, na mlalo wake hautalingana na wa deki yenu. Vaeni hedifoni, unganisheni chaneli mbili ziwe mono, kisha zungusheni skrubu taratibu kabisa wimbo ukiendelea. Mtasikia fidla ikitoka kwenye pamba na herufi "s" ya mwimbaji ikikaa sawa. Mkipita, sauti inafifia tena. Rudini nyuma kidogo. Fanyeni hivyo kwa kila kaseti, hata kila upande. Nimesikia rekodi nyingi zilizotangazwa kuwa zimekufa, na kumbe zilihitaji skrubu hiyo tu.

Kuhusu akili unde: itumieni, ila juu ya nakala. WAV ghafi haiguswi na mtu. Programu nyingi za kuondoa kelele zimefunzwa kwa maongezi ya watu, na mbele ya taarabu huchanganyikiwa. Pumzi ya nai, ile filimbi, huiona kelele, mlio wa udi unaofifia huukata katikati, vigelegele huvifuta. Ukumbini, vigelegele na watu wanaosimama kwenda kutunza ni sehemu ya wimbo. Ukiviondoa, msikilizaji hajui tena ubeti upi uliwagusa. Programu za kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala, kama Demucs, zinafaa sana kwa wanafunzi wenu wanaotaka kusikiliza fidla peke yake. Zitaendelea kuboreka, na WAV ghafi mtaisafisha upya wakati wowote. Utepe hausubiri.

Simu ya kijana ina kazi nyingine mbili. Apige picha kila kasha na maandishi yake, jina la faili lifuate namba ya kaseti na upande. Kisha awachezee wazee waliokuwepo, awarekodi wakitaja mwimbaji, mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki na ukumbi.

Taarifa hizo ndizo mtakazohitaji kwenye yale madai. Mfumo wa YouTube hulinganisha sauti yenu na rekodi ambazo mtu amezisajili. Dai si onyo (strike): kwa kawaida huzuia video au hupeleka mapato ya matangazo kwa mdai, wala chaneli haifungwi kwa hilo. Hatari ni maonyo matatu ndani ya siku 90. Angalieni dai linahusu rekodi yenyewe au utunzi. Kama ni kaseti ya dukani, huenda mdai ana haki. Kuimiliki kaseti si kumiliki wimbo. Kama ni mazoezi yenu wenyewe, mnaweza kupinga, na mdai ana siku 30 za kujibu. Hata hapo, haki ya mtunzi bado ipo: kwa sheria ya Tanzania inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Watafuteni watunzi au warithi wao, mpate ridhaa ya maandishi, na mkikwama muulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Kaseti za harusi msizipandishe kabisa kabla ya kuzungumza na familia. Mipasho mingine ililengwa kwa mtu ambaye bado anaishi mtaa uleule, na wanawake walioimba ndani kwa wenzao hawakukubali kusikika dunia nzima. Zinaseni vizuri kama nyingine, zikae kwenye diski.