Jibu la hasi halimalizi kazi, angalia mstari wa uzito

Msomaji mmoja ana VVU na anatumia dawa vizuri. Mwanawe ana miezi saba. Kipimo cha DNA PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu ya mtoto, cha wiki ya sita kilitoka hasi, na mtoto alipotimiza miezi sita mama akamwachisha ziwa siku moja, ili asilichezee jibu lile. Sasa mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala, naye anauliza ni dawa gani ya kuongeza hamu ya kula imfaayo.

Hamu si tatizo. Kilichoondoka ni maziwa. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama anayemeza ARV (dawa za VVU) bila kukosa anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi 6, kisha aongeze chakula huku akiendelea kunyonyesha hadi angalau miezi 12, na anaweza kufika 24 au zaidi. Inauma kuona ushauri wa zamani wa kuwahi kuachisha ziwa bado unapita mdomo kwa mdomo na watoto ndio wanaokonda.

Kukatiza ghafla kuna hatari nyingine. Matiti hujaa na kuvimba, na titi lenye uvimbe hutoa maziwa yenye virusi zaidi; mtoto akilia usiku akarudishiwa ziwa, hapo ndipo hatari inapopanda. Kuachisha kuchukue kama mwezi mzima: punguza zamu moja ya kunyonya, tulia siku kadhaa, punguza nyingine, kamua kidogo titi likibana. Dawa endelea kumeza kama kawaida.

Mama huyu aende kliniki aombe kipimo cha wingi wa virusi na aulize kuhusu kumrudisha mtoto ziwani. Asijiamulie nyumbani.

Kisha kuna uji. Uji mwepesi hujaza tumbo dogo maji, mtoto akashiba bila kupata nguvu. Uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko kikiinamishwa, wenye mafuta kidogo, na kila siku kuwe na kunde, yai, nyama au samaki aliyepondwa. Miezi 6 hadi 8, milo 2 au 3: anza na vijiko vikubwa 2 au 3, kisha ongeza hadi nusu kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara 3 au 4.

Watoto wa mama wenye VVU, hata wasioambukizwa, huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa na uzito mdogo, kwa hiyo msisubiri. Kuanzia miezi 6, mzingo wa katikati ya mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Mpelekeni kliniki siku hiyohiyo.

Na jibu la wiki ya sita halisemi lolote kuhusu maziwa aliyonyonya baadaye. Mtoto asiyeongezeka uzito, au mwenye utando mweupe mdomoni usioisha, apimwe tena sasa bila kungoja kipimo cha miezi 9. Akikutwa na virusi, ARV huanza mara moja, na akiwa amekonda mwili wake hudai nguvu kwa asilimia 50 hadi 100 zaidi ya kawaida.