Kabla hamjamwacha beki wenu mkongwe

Msimu uliopita nilikuwa kwenye kamati ya usajili ya timu yetu ya mtaa hapa Ngamiani, Tanga. Tulimwacha beki wa kati aliyetuchezea miaka 11, na karatasi ya kumwacha niliisaini mimi. Nawaandikia viongozi wenzangu wa timu ndogo, maana usajili ukikaribia maneno huwa ni yale yale: “Mzee kachoka, mbio hana.”

Mbio kweli hakuwa nazo. Alikuwa na miaka 36, na kabla ya kuvaa soksi alikuwa akifunga kifundo cha mguu wa kushoto kwa kipande cha kanga. Tukamleta kijana wa miaka 20, ana kasi, anaruka, mechi ya kwanza akashangiliwa sana. Mechi ya tatu tukapigwa manne, matatu ya kona.

Siku hiyo ndipo nilipogundua kuwa nyuma kwetu hakuna anayeongea. Mgosi, ndivyo tulivyomwita yule mkongwe, alikuwa hanyamazi dakika 90. “Panda!” “Nyuma yako!” “Kipa, wako huo!” Ikitokea kona, alikuwa akimshika kila mmoja bega na kumsukuma hadi kwa mtu wake. Sasa mabeki wawili wanamkimbilia mtu mmoja, na yule mrefu wao kasimama peke yake mlingoti wa pili. Kijana wetu si mbovu hata kidogo. Hana wa kumwelekeza tu, na wa kumwelekeza tumeshamtema.

Wakubwa nao yamewakuta. PSG, klabu ya Paris, walimwacha beki wao Thiago Silva aondoke bure kwenda Chelsea mwaka 2020, ana miaka 35, baada ya kufungwa na Bayern Munich 1-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Msimu uliofuata PSG wakatolewa nusu fainali na Manchester City. City hao hao wakafungwa fainali 1-0 na Chelsea, na beki wa Chelsea alikuwa Silva, ingawa aliumia akatoka kipindi cha kwanza.

Kwa hiyo mkikaa kikao, msipime mbio peke yake. Mwekeni mtu nyuma ya goli kwa mechi mbili tatu, asikilize nani anapanga ukuta na nani anaita mtego wa kuotea. Halafu chezeni mechi ya kirafiki bila yule mkongwe, muone. Akihitajika, mpeni msimu mmoja zaidi, mechi nyingine aanze, nyingine akae benchi na kijana pembeni yake. Kama tatizo ni hela, mwambieni ni hela. Na mwambieni ana kwa ana. Sisi tulimtumia ujumbe wa simu, usiku, mtu aliyetuchezea miaka 11. Hilo linaniuma kuliko yale magoli.

Nilimfuata Mgosi mtaani Makorora, anakotengeneza baiskeli. Alikuwa ameshasaini kwa wapinzani wetu. Nikamwomba radhi. Akanisogezea kigoda, akaendelea kukwangua tyubu iliyopata pancha, kisha akaniuliza, “Yule dogo, mpira wa kona anautazama mpira au anamtazama mtu?”

Nikamwambia anautazama mpira.

“Mlete Jumanne jioni, kaka.”

Nampeleka kila Jumanne.