Nikipata diploma ya IB naanzia chuo mwaka wa pili?

SWALI: Shikamoo mshauri. Niko IB Diploma (programu ya kimataifa ya sekondari ya juu) mwaka wa kwanza, HL zangu (masomo ya ngazi ya juu) ni Bayolojia, Kemia na Kiingereza, SL (ngazi ya kawaida) ni Hisabati, Historia na Kifaransa. Nataka kwenda kusoma Marekani, baadae niingie udaktari. Kuna mtu kaniambia ukiwa na diploma unaanzia mwaka wa pili moja kwa moja, mwingine anasema SL hazina kazi kabisa kwenye krediti (vipimo vya kozi vinavyohesabiwa kuelekea digrii). Nani mkweli? Na hayo matokeo chuo kinaletewa na nani?

JIBU: Marahaba. Hao watu wako kila mmoja kashika kipande tu.

Kwanza elewa kwamba IB wenyewe hawatoi krediti ya chuo hata moja. Wao wanakupa alama, 1 mpaka 7 kila somo, masomo sita yanafika 42, ukiongeza zile tatu za TOK (somo la nadharia ya maarifa) na insha ndefu ndo inakuja hiyo 45 ambayo kila mtu anaitaja. Krediti inatolewa na chuo, na kila chuo kina jedwali lake, kwa hiyo wanafunzi wawili wenye alama zilezile kabisa mmoja anaweza kuanza na krediti 24 na mwenzake akaanza na sifuri, na hakuna aliyeonewa.

Vyuo vingi, hasa vya binafsi, vinaangalia HL tu, kuanzia 5, vingine vinataka 6 au 7. Huko ndo maneno ya huyo wa SL yana ukweli. Ila nenda vyuo vya umma uone mambo yanavyobadilika. Texas kuna sheria kabisa inayotaka vyuo vya umma vimpe mwenye diploma krediti zisizopungua 24, sharti ni kwamba mitihani yote ya IB uwe umepata 4 au zaidi, yote, SL zikiwemo, yaani ukipata 3 kwenye Kifaransa chuo kinaruhusiwa kukupunguzia. Sasa hapo SL haina kazi kweli? Florida nako sheria inaruhusu mpaka krediti 30. Kule Chuo Kikuu cha California ukiwa na diploma yenye pointi 30 kwenda juu unapewa uniti (yaani krediti) 30 za kota, mfumo unaogawa mwaka kwa robo badala ya semesta, ambazo ni sawa na 20 za semesta, na ukikosa hizo pointi bado kila HL ya 5 au zaidi inakupa uniti 8 za kota.

Haya, tupige hesabu ya mwaka wa pili. Digrii ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120 za semesta, mwaka mmoja ni kama 30. Kwa hiyo 24 inakaribia mwaka, 20 haijafika, na kwenye chuo kinachotambua HL mbili tatu tu utaambulia labda semesta moja au chini ya hapo. Na hata ukizipata zote 30, swali ambalo watu hawaulizi ni hizo krediti zinaingia wapi. Zinaweza kuandikwa kwenye rekodi yako kama kozi za hiari tu, wakati digrii yako ina mlolongo wa kemia na fizikia unaopandana ngazi kwa ngazi na lazima uupite, basi unakuwa na krediti kibao na bado unamaliza miaka minne. Sio hasara, vyuo vingi vinawapa wenye krediti nyingi nafasi ya kujisajili kozi mapema, lakini sio mwaka uliookoa. Vingine havikupi krediti ila vinakuruhusu kuruka kozi ya utangulizi ukaanzia ya juu yake, hiyo nayo usiichanganye na krediti maana idadi ya krediti unazodaiwa inabaki palepale.

Kwa upande wa udaktari kuwa makini sana. Shule nyingi za udaktari za Marekani hazipendi kuona bayolojia na kemia za msingi zimefutwa kwa alama za mtihani wa sekondari, zinataka uzisome chuoni au usome za juu zaidi badala yake. Na ukiamua kurudia kozi ambayo tayari una krediti yake ya IB, kwa kawaida ile ya IB inafutwa, hupati mara mbili. Mimi ningekushauri krediti ya Kiingereza uichukue bila kufikiria mara mbili (ila nayo cheki, kuna shule zinazotaka uandishi usomwe chuoni), halafu za sayansi usizigombanie, subiri ukae na mshauri wa wanafunzi wa udaktari kwenye chuo utakachoenda. Na tafadhali usihamishe somo kutoka SL kwenda HL kwa ajili ya krediti peke yake, 5 inayochechemea huko inaweza kuivuta chini hata Kemia yako.

Matokeo hayaendi chuoni yenyewe. Karatasi ya matokeo ya shule yako haitoshi, chuo kinataka transkripti rasmi (rekodi ya alama) inayotumwa na IB moja kwa moja, na anayeomba kabla matokeo hayajatoka ni kodineta wenu wa IB (anayesimamia programu hapo shuleni), wewe unampa jina la chuo. Mitihani ya Mei matokeo yanatoka mwanzoni mwa Julai, hapo kodineta anaweza kuwa likizo, na ukichelewa unaomba mwenyewe mtandaoni kwa kulipia. Alama za makadirio ulizotumia kuomba nafasi hazihesabiwi kwenye krediti hata kidogo. Ukishafika, ingia kwenye akaunti yako ya chuo uone kama krediti zimeandikwa kabla hujasajili kozi za semesta ya kwanza, zisipoonekana wafuate ofisi ya msajili, usingoje wakutafute.